Kimya cha Barabara za Cévennes

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kwa kawaida methali hiyo husemwa kumwonya mtu asimdharau jirani mpole, kwani hajui jirani huyo anaficha nini moyoni. Mimi naona yafaa pia kwa mahali. Ziko nchi ambazo mgeni huzisifu kwa utulivu wake, akadhani kwamba utulivu huo umekuwapo tangu mlima ulipoumbwa na mto ulipoanza kutiririka. Lakini utulivu nao una wazazi wake, na mara nyingine hata mwaka wake wa kuzaliwa unajulikana. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na ukiona barabara ya lami imelala tupu mlimani kutwa nzima, ujue yako mambo yaliyoifanya ikawa tupu.

Nataka kueleza habari hiyo kwa mfano wa milima ya Cévennes, iliyoko kusini mwa Ufaransa. Nimeichagua kwa sababu naijua kwa miguu yangu. Nilikaa miaka kadhaa katika mji wa Montpellier kwa masomo na baadaye kwa kazi. Kila nilipopata likizo nilifunga mifuko miwili nyuma ya baiskeli, nikapanda treni hadi Alès, na kutoka hapo nikaingia milimani. Sikuwa mtu wa mashindano, wala sikujaaliwa kifua cha mashindano. Nilikuwa mmoja wa wale ambao Wafaransa huwaita cyclotouristes, yaani wasafiri wa baiskeli wanaokwenda polepole, wanaosimama penye kisima, na wanaolala pale jua linapowachwea.

Msomaji wa kwetu huenda akashangaa. Kwetu baiskeli ni chombo cha kazi. Hubeba mkungu wa ndizi, dumu la maji, gunia la mkaa, na hata mgonjwa anayepelekwa zahanati. Kumwona mtu mzima akihema mlimani juu ya baiskeli, bila mzigo wa kuuza wala mgonjwa wa kufikisha, ni kichekesho. Lakini huko Ulaya wasafiri wa namna hii ni wengi, na kitu wanachokitafuta kuliko vyote ni barabara isiyokuwa na magari. Huulizana habari za barabara hizo kama wavuvi wanavyoulizana habari za mwamba wenye samaki. Na Cévennes ni mojawapo ya mahali ambapo hutajwa kwa sauti ya chini, ili wengi wasisikie.

Milima hii ni ukingo wa kusini-mashariki wa nyanda za juu za katikati ya Ufaransa, zinazoitwa Massif Central. Si mirefu kama Alps. Mlima Lozère, ulio mrefu kuliko yote huko, una meta 1,699, na Mlima Aigoual una meta 1,565. Ugumu wake hauko katika urefu bali katika mikunjo. Mabonde ni membamba na ya kina, yamechimbwa na mito inayofurika ghafla wakati wa vuli, mvua kubwa zinapokuja kutoka Bahari ya Mediterania. Kati ya bonde na bonde upo mgongo mrefu wa mlima, na mahali ambapo barabara huuvuka mgongo huo Wafaransa hupaita col. Maisha ya msafiri wa baiskeli ni kuzihesabu hizo col. Hupanda saa nzima, hushuka kwa dakika 15, kisha huanza kupanda tena.

Njia ninayoipenda ina urefu wa kilometa 100 hivi. Huanzia mji mdogo wa Saint-Jean-du-Gard, ikapanda hadi kwenye barabara ya juu iitwayo Corniche des Cévennes na kuteremka Florac. Kutoka Florac hufuata mto Tarn kuelekea kijiji cha Le Pont-de-Montvert. Hapo huuvuka Mlima Lozère kwa Col de Finiels, yenye meta 1,541, na kuishia Le Bleymard, upande wa kaskazini. Mwenye haraka aweza kuimaliza kwa siku moja. Mimi huigawa kwa siku tatu. Asubuhi ya siku ya kazi, mwezi Septemba, magari utakayokutana nayo huko juu kwa muda wa saa moja hayazidi vidole vya mkono mmoja. Utasikia mnyororo wa baiskeli yako, kengele za kondoo walio mbali, na pumzi yako mwenyewe.

Basi na tuulize kimya hicho kimetoka wapi, na kabla ya hapo tuulize barabara yenyewe imetoka wapi.

Waliotangulia kuichora hawakuwa wahandisi, bali kondoo. Kwa karne nyingi wachunga kondoo wa tambarare za Languedoc wamekuwa wakiyapandisha makundi yao milimani mwezi Juni kufuata majani mabichi, na kuyateremsha wakati wa vuli. Njia zao huitwa drailles. Kundi kubwa haliwezi kupitishwa bondeni katikati ya mashamba na mito bila ugomvi, kwa hiyo njia hizo zilifuata migongo ya milima. Ndiyo sababu hata leo, msafiri akiisha kupanda mara moja kutoka Saint-Jean-du-Gard, huenda kilometa nyingi juu kwa juu, Vallée Borgne ikiwa upande mmoja na Vallée Française upande wa pili. Juu ya Mlima Lozère malisho yalikuwa mali ya Mashujaa wa Mtakatifu Yohane, wale waliokuja kuitwa Mashujaa wa Malta, na mawe ya mipaka yenye alama ya msalaba wao yangali yamesimama kati ya majani.

Njia ya kondoo iligeuka kuwa barabara kwa sababu ya hofu ya mfalme. Katika karne ya 16 wakazi wengi wa Cévennes walijiunga na dini ya Kiprotestanti. Mwaka 1598 Mfalme Henri wa 4 alitoa amri ya Nantes, iliyowapa Waprotestanti wa Ufaransa ruhusa ya kuabudu kwa masharti. Mwezi Oktoba 1685 mjukuu wake, Louis wa 14, aliifuta amri hiyo. Makanisa yao yalibomolewa. Wachungaji wa makanisa hayo walipewa siku 15 wawe wameondoka nchini, na waumini wa kawaida walikatazwa kuondoka. Wanaume waliokamatwa katika ibada za siri walipelekwa kupiga makasia katika merikebu za mfalme, na wanawake walitiwa gerezani. Mmoja wao, Marie Durand, alifungwa mwaka 1730 katika mnara wa Aigues-Mortes, pwani ya kusini, akatoka mwaka 1768. Alikaa humo miaka 38.

Mwakilishi wa mfalme katika Languedoc wakati huo alikuwa Nicolas de Lamoignon de Basville, aliyeushika wadhifa huo tangu 1685 mpaka 1718. Basville aliiangalia milima akaona jambo moja. Mtu anayeijua njia ya nyumbu hushinda kikosi kizima kisichoijua. Akaamuru njia za milimani zipanuliwe, ili askari, farasi na mizinga wapate kupita. Corniche des Cévennes, ambayo leo huandikwa katika vitabu vya utalii kwa uzuri wake, ni mojawapo ya barabara zilizofunguliwa kwa ajili ya majeshi hayo. Nikipita pale huona wazi kwamba barabara haikutengenezwa kuwasaidia wanavijiji, kwa kuwa vijiji vingi viko chini bondeni, nayo imeshika njia yake juu ya mgongo, mahali ambapo jeshi laweza kuona kote na kushuka ko kote.

Moto uliwaka Le Pont-de-Montvert. Katika kijiji hicho alikaa Padri du Chaila, msimamizi wa kuwarudisha Waprotestanti katika Ukatoliki, na ndani ya nyumba yake walifungwa watu waliokamatwa wakijaribu kutoroka nchi. Usiku wa tarehe 24 Julai 1702 kundi la watu lilifika likiimba zaburi, likawafungua wafungwa, likaichoma nyumba na kumwua padri. Hivyo ndivyo ilivyoanza vita ya Camisards. Wapiganaji wake hawakuwa askari wa mafunzo. Walikuwa wachambua sufu, wachunga kondoo na wakulima. Jean Cavalier, jemadari wao mmoja, alikuwa mwanafunzi wa mwoka mikate. Mwenzake Rolland alizaliwa Mas Soubeyran, karibu na Mialet, na nyumba aliyozaliwa sasa ni makumbusho.

Jeshi la mfalme liliposhindwa kuwakamata samaki, liliamua kuyakausha maji. Katika vuli ya 1703 askari walichoma vijiji na vitongoji 466 vya Cévennes ya juu, na wakazi wakaamriwa kuhamia miji yenye ngome. Mwaka uliofuata Cavalier alifanya mapatano na kuihama nchi, akaishia kuwatumikia Waingereza mpaka alipokufa mwaka 1740. Rolland alikataa mapatano, akauawa mwaka huo huo wa 1704. Vita kubwa ikawa imekwisha.

Hapa msomaji aweza kusema kwamba tumekwisha kuipata asili ya kimya tunachokitafuta. Vijiji vilichomwa, watu wakaondoka, barabara ikabaki. Lakini sivyo, na hili ndilo jambo linalonifanya niiandike habari hii. Watu walirudi. Walijenga upya juu ya majivu, kwa mawe yale yale, na katika vitongoji vingi kuta unazoziona leo zimesimama juu ya misingi ya zile zilizochomwa. Zaidi ya hayo, waliongezeka. Mwaka 1851 mkoa wa Lozère, wenye sehemu kubwa ya milima hii, ulikuwa na watu zaidi ya 140,000, idadi ambayo haujapata kuifikia tena. Mfalme aliwaletea barabara. Kimya hakukiweza.

Waliishije watu wengi hivyo katika miteremko ile? Waliishi kwa miti miwili. Wa kwanza ni châtaignier, mti mkubwa wenye kokwa za unga ndani ya ganda la miiba. Kokwa hizo zilikaushwa kwa moshi katika vibanda vya mawe, zikaliwa majira yote ya baridi, hata wenyeji wakauita mti wa mkate. Wa pili ni mforosadi. Baada ya baridi kali ya mwaka 1709 kuua miti mingi, mforosadi ulipandwa kwa wingi, kwa sababu majani yake ndiyo chakula cha viwavi wa hariri. Kila nyumba ilikuwa na chumba cha juu cha kufugia viwavi. Wanawake walibeba mayai yake katika vifuko vidogo chini ya nguo, yapate joto la mwili mpaka yaanguliwe. Kisha kwa majuma kadhaa nyumba nzima, wazee kwa watoto, haikulala ikichuma majani na kulisha. Fedha ya hariri ndiyo iliyolipa kodi, mahari na madeni. Na ili miti hiyo ipate mahali pa kusimama, miteremko ilikatwa matuta na kujengewa kuta za mawe bila chokaa, ngazi juu ya ngazi kutoka mtoni hadi karibu na kilele. Mtu wa Lushoto akiziona atajua mara moja ni kazi ya vizazi vingapi.

Mwaka 1853 Ufaransa ilivuna vifuko vya hariri zaidi ya tani 20,000, na Cévennes ilikuwa moyo wa kazi hiyo. Katika miji midogo vilijengwa viwanda vya kusokotea nyuzi, vyenye madirisha marefu, ambamo wasichana walizamisha vidole katika maji ya moto kutwa nzima kutafuta ncha ya uzi. Wakati ule barabara za mfalme hazikujua kimya. Zilipitwa na nyumbu, mikokoteni, wachuuzi, na wasichana waliotembea kwenda na kurudi viwandani.

Kisha viwavi wakaanza kufa. Ugonjwa uliitwa pébrine, jina lililotokana na neno la pilipili katika lugha ya kusini, kwa kuwa viwavi walitokwa na madoa meusi kama walionyunyiziwa pilipili. Mavuno yalianguka kwa miaka michache tu. Serikali ikampeleka Louis Pasteur, naye akafika Alès mwaka 1865. Baada ya miaka kadhaa ya kazi alionyesha namna ya kumchunguza nondo kwa hadubini na kuyatupa mayai ya mama mgonjwa. Njia yake ilifaa, lakini ilifika pamoja na pigo jingine. Mwaka 1869 Mfereji wa Suez ulifunguliwa. Mfereji huo huo ulioleta meli nyingi za moshi katika pwani yetu ya Afrika Mashariki uliifupisha njia ya hariri ya Asia kufika Ulaya, nayo ilikuwa rahisi kuliko ya Cévennes. Katika miongo hiyo hiyo mizabibu ya tambarare ililiwa na kidudu cha phylloxera, na châtaignier nayo ikaingiwa na ugonjwa uliooza mizizi yake.

Wakati huo ndipo reli ilipofika. Njia ya Cévennes, inayounganisha Paris na Nîmes kupitia Langogne na Alès, ilikamilika mwaka 1870. Reli huletwa na maneno mazuri ya kuifungua nchi, na kweli huifungua. Tatizo ni kwamba mlango uliofunguliwa hauchagui nani aingie na nani atoke. Vijana walitoka. Wengine hawakwenda mbali, waliishia katika migodi ya makaa ya La Grand-Combe na Alès. Wengine walikwenda Nîmes, Marseille na Paris. Vita ya 1914 ikamalizia. Katika kila kijiji ninachopita uko mnara wa majina ya waliokufa vitani, na mara nyingi mtu huona jina la ukoo mmoja likirudiwa mara tatu au nne, katika kijiji ambacho leo madirisha yaliyo wazi hayafiki idadi ya majina yale.

Ndivyo barabara ilivyonyamaza. Haikunyamazishwa na mizinga bali na hesabu. Bei ya hariri ilipungua, kodi haikupungua, treni ilikuwapo, na kila jamaa ilipiga hesabu yake usiku mezani. Hakuna aliyeamuru kijiji kihame. Mkoa wa Lozère sasa una watu wapatao 76,000, pungufu kuliko mkoa wo wote wa bara wa Ufaransa.

Na hapo ndipo msafiri wa starehe alipotokea. Mwandishi Robert Louis Stevenson, kijana wa Uskochi, alipita mwaka 1878 na punda jike aliyeitwa Modestine, kwa siku 12, kutoka Le Monastier hadi Saint-Jean-du-Gard. Mwaka uliofuata alichapisha kitabu kilichoijulisha dunia milima hii, na hata leo maelfu ya watu hutembea katika nyayo zake. Baada ya punda ikaja baiskeli. Kaskazini-mashariki ya huko, katika mji wa Saint-Étienne, aliishi Paul de Vivie, aliyejulikana kwa jina la Vélocio. Mwaka 1887 alianzisha gazeti lake la waendesha baiskeli, na kwa maisha yake yote alihubiri kwamba mtu wa kawaida aweza kupanda milima akipewa gia za kubadilisha. Wakuu wa mashindano ya Tour de France hawakukubali. Waliona gia hizo ni unyonge, wakazikataza mpaka mwaka 1937. Vélocio alikuwa amekwisha kufa mwaka 1930. Lakini baiskeli ninayoipanda mimi, na ya kila msafiri mwenye mizigo, ni mtoto wa fikira zake na si wa fikira za mabingwa. Mwaka 1936 sheria iliwapa wafanyakazi wa Ufaransa majuma mawili ya likizo yenye malipo, na makarani na mafundi wakaanza kutoka mijini kwa baiskeli za mtu mmoja na za watu wawili kwenda kuitazama nchi yao. Wengi wao, nadhani, walikuwa wajukuu wa waliohama.

Tangu hapo utulivu ukawa bidhaa. Reli ndogo iliyojengwa mwaka 1909 kuunganisha Florac na bonde la Gardon ilifungwa mwaka 1968, na baadhi ya sehemu zake sasa hupitwa na waenda kwa miguu. Mwaka 1970 ilianzishwa Hifadhi ya Taifa ya Cévennes, ambayo watu wanaishi hata ndani ya eneo lake la kati. Mwaka 2011 UNESCO iliziweka Causses na Cévennes katika orodha ya urithi wa dunia, kwa ajili ya ufugaji wake wa kale. Sifa hizi zote ni za haki. Hata hivyo zimemwachia msafiri swali ambalo mimi nimelibeba katika kila col. Je, ninachokifurahia hapa si hasara ya mtu mwingine?

Swali hili sikulipata vitabuni. Nililipata kwa bibi mmoja aliyenipangisha chumba katika kitongoji kilicho chini ya Mlima Lozère. Wageni wake, alinieleza, humwandikia katika daftari kwamba wamependa kimya. Yeye huwashukuru, kwa kuwa ni watu wema na kodi yao humsaidia. Lakini sauti aliyokuwa akiingoja kila asubuhi ilikuwa ya basi dogo la shule. Akanifafanulia kwa utaratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto hesabu. Basi hupita kwa sababu wapo watoto wawili bondeni. Kwa kuwa basi hupita, gari la kuondoa theluji hutangulia alfajiri. Kwa kuwa theluji huondolewa, muuguzi hufika, na barua, na mkate. Watoto hao wakihama, mambo hayo yatatoka moja moja kwa mpangilio ule ule yalivyoingia. Mwisho lami yenyewe haitazibwa mashimo. Akanitazama akasema kwamba siku hiyo kimya kitakuwa kikubwa zaidi, ila mimi sitapata pa kupitisha baiskeli.

Nimeyafikiri sana maneno yake, nikaona yana kweli ambayo sisi wapenda barabara tulivu hatuiweki katika ramani zetu. Kimya tunachokitafuta kiko kati ya mambo mawili. Upande mmoja ni makelele ya magari, ambayo tunayakimbia. Upande wa pili ni ukiwa, ambao hatuufikirii kwa sababu mahali palipofikia ukiwa hapapitiki tena. Nimepata kuziona njia za namna hiyo. Huanza vizuri, zikapita matuta yaliyobomoka na miforosadi iliyozeeka, kisha miiba huzifunika, na mtu hulazimika kugeuza baiskeli. Barabara tulivu iliyo hai ni ile yenye watu wachache waliokataa kuondoka, na wengine wachache waliokuja. Cévennes imewapata wote. Tangu miaka ya 1970 wamehamia vijana wa mijini waliokarabati nyumba, wakafuga mbuzi na kutengeneza jibini. Wengine walishindwa wakaenda zao, wengine wamezika wazazi wao huko na kusomesha watoto. Kwa hao ndiyo barabara imebaki barabara.

Kwa hiyo simwambii mtu aache kwenda. Aende, na apande kwa gia ndogo. Lakini aijue nyumba aliyoingia. Anunue mkate kijijini hata kama wa mjini ni rahisi zaidi, na akipishana na basi la shule asinung'unike kwamba limemharibia utulivu wake, maana ndilo linalomshikia njia.

Juu ya Mlima Lozère, katika vitongoji kama Serviès, Oultet na Les Sagnes, iko minara midogo ya mawe yenye kengele, isiyokuwa ya kanisa wala ya shule. Ilijengwa kwa ajili ya dhoruba za theluji. Upepo ulipovuruga theluji hata mtu asione mkono wake, wanakitongoji waligonga kengele hiyo kwa saa nyingi, usiku na mchana, ili msafiri aliyepotea asikie upande wa kuelekea. Mara nyingi hawakumjua ni nani, wala hawakuwa na hakika kwamba yupo. Waligonga tu, kwa zamu. Kengele zenyewe zipo mpaka leo, na mgeni aweza kuzitazama bure. Lakini kengele haijipigi. Siku dhoruba itakapokuja, ni lazima awepo mtu kitongojini wa kushika kamba.